Nafasi Iliyobaki kwenye Simu ya Bwana Mifugo

Walisema Bwana Mifugo hataweza. Mzee aliyestaafu, mwenye simu ya kioo kilichopasuka na miwani iliyofungwa kwa uzi, ataiingizaje kamba yake ya kupimia ng'ombe ndani ya simu za watu? Na mimi walinisema, tena mapema zaidi. Mjomba wangu alitangaza kwamba chuo sitamaliza, nitarudi Rulenge na godoro mgongoni. Nilirudi na stashahada ya kompyuta, kompyuta mpakato mbili na mashine ya fotokopi, vyote kwa jasho langu mwenyewe, baada ya miaka ya kuosha magari na kuuza kava za simu Dar es Salaam. Stashahada nimeitundika dukani kwangu usawa wa macho ya mteja aliyekaa. Mjomba huja kutoa nakala za hati zake za ardhi, na kila akija anaikuta mbele yake. Sijawahi kumwambia neno.

Lakini leo nataka kueleza habari za yule mzee.

Serikali ilikwisha kumstaafisha, ila jina la kazi lilimganda. Hata watoto waliozaliwa baada ya kustaafu kwake walimwita Bwana Mifugo. Yeye mwenyewe hakuwa na ng'ombe, wala mbuzi, wala kuku. Nilipomuuliza sababu, alisema mtu aliyechoma sindano maisha yake yote hapendi kuamka na kukuta macho yanamwogopa uani kwake. Sikujua kama anatania. Mzaha na ukweli wake vilitoka na uso uleule.

Kamba yake ilikuwa ya kitambaa cha njano, yenye namba pande zote mbili, imefifia kuanzia sentimita sitini hadi mia na hamsini, maana huko ndiko vifua vya mifugo yetu vinakoishia. Aliizungusha nyuma ya miguu ya mbele ya mnyama, akasoma, akataja uzito, akataja dawa. Jedwali lote lilikuwa kichwani mwake. Ukimsalimu akiwa kazini hakujibu mpaka kamba imesomeka. Unasema, "Shikamoo, Mzee," naye amejikunja chini ya tumbo la ng'ombe, kimya, halafu inasikika kutoka huko chini: "Mia na arobaini. Marahaba."

Hakukubali uzito wa kukisia. Huko Mbuba familia mbili ziliwahi kugombania ng'ombe wa mahari, wengine wakisema ni mkubwa kama walivyoahidiana, wengine wakisema ni ndama aliyenyweshwa maji ya chumvi ili avimbe. Walimwita aamue. Akapima, akataja kilo. Pande zote mbili zikaikataa ile namba, na kwa mara ya kwanza siku hiyo zikawa zimekubaliana. Akakunja kamba na kuondoka, ingawa chakula kilikuwa tayari. Alipohadithiwa kwamba wazee wale walicheka na kumaliza ugomvi wakimsema yeye, alijibu kwamba hiyo pia ni dawa.

Mkoba wake wa kazi ulikuwa mdogo kuliko wa mwanafunzi. Akienda kwa mwenye mbuzi watatu alibeba dawa ya mbuzi watatu. Nyumba yake, kinyume chake, ilikuwa ghala. Humo mlikuwa na chupa tupu za dawa, magunia, kalenda za miaka iliyopita, viatu vyake, na viatu vya mkewe aliyefariki, vimepangwa mlangoni kana kwamba mwenyewe ametoka kisimani mara moja. Watoto wake walikuwa Mwanza na Bukoba, wakipiga simu kila walipokumbuka. Kila jioni alipika ndizi na maharage na kupakua sahani mbili. Ya pili aliifunika. Mtu yeyote aliyebisha hodi aliambiwa chakula chake kipo. Asipotokea mtu, aliila asubuhi, imepoa, akiwa amesimama.

Mimi niliila mara nyingi sahani ile. Hilo sikuwa nalisema. Mtu anayerudi nyumbani na stashahada hapati wa kuzungumza naye. Vijana wanataka uwawekee nyimbo kwenye simu, wazee wanataka ujaze fomu. Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka, na baada ya kufunga milango ilibaki sauti ya feni ya kompyuta.

Alikuja dukani mwaka ambao magoti yalianza kumkatalia vilima. Akaweka kamba mezani. Alitaka mkulima wa Mbuba au Kasulo aandike tu namba ya kifua cha mnyama, simu imtajie uzito na kipimo cha dawa, kwa sababu yeye hatafika tena huko, na akishakufa watu watarudi kukisia kwa macho. Nikaandika jedwali alilonitajia, nikamwambia kazi hiyo kwangu ni ya siku tatu. Na kweli, siku ya tatu programu ilikuwa inafanya kazi kwenye kompyuta yangu, ina rangi ya kijani na picha ya ng'ombe, na nilijisikia vizuri sana.

Aliomba aone maandishi yake. Nikamwonyesha, nikijua hataelewa, na hakuelewa, isipokuwa mistari ya juu. Programu haiandikwi yote na mtu mmoja. Pale juu unaagiza: unataja mafurushi ya kazi ambazo watu wengine wamekwisha kuandika, nawe unazitumia. Kisha kompyuta inafunga vyote pamoja, vyako na vya kuazima, na mzigo huo ndio unaoshuka kwenye simu ya mtu. Mzee akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Huyu anafanya nini?"

"Anaandika tarehe, Mzee. Mkulima ajue ni lini alimpa mbuzi dawa."

"Tarehe tu?"

"Anajua mengi. Ana majina ya miezi kwa lugha kibao."

"Kirusi?"

"Na Kirusi."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Wewe Diploma, huko Mbuba unamjua nani atakayeuliza mwezi kwa Kirusi?"

Tangu siku hiyo nikawa Diploma. Mstari wa pili uliagiza furushi la vijipicha. Nilihitaji ng'ombe mmoja na mbuzi mmoja, lakini niliagiza furushi zima kwa alama moja ya nyota, maana ndivyo inavyoandikwa haraka, na ndani yake mlikuwa na meli, piano, kofia ya mpishi na vingine maelfu. Alicheka mpaka akakohoa. Ng'ombe wangu, alisema, amekuja na meli.

Nikamweleza kwamba siku hizi nafasi si tatizo, ulimwengu mzima unaandika hivyo. Hapo akaacha kucheka. Akatoa simu yake, akafungua mahali panapoonyesha nafasi, akaniwekea mbele ya macho. Zilibaki MB tatu.

"Iingie humu. Na kisifutwe kitu."

Nikamuuliza kumejaa nini. Akasema vitu vyake. Nikamwambia kila simu ina takataka, nipe dakika tano nikusafishie. Akairudisha mfukoni taratibu, akafunga kifungo cha mfuko.

"Mgeni hamtolei mwenye nyumba vitu nje ili apate pa kulala," akasema. "Punguza mgeni."

Niliona ni ukaidi wa uzee. Hata hivyo nilirudi kwenye ile mistari nikabadilisha namna ya kuagiza. Badala ya nyota, nikataja kwa jina nilichohitaji: kutoka furushi hili nipe kazi hii moja tu. Hiyo ndiyo namna niliyofundishwa chuoni kuwa safi. Nikamwita, nikamwambia sasa imepungua, tunaweza kwenda Kasulo.

"Umepima?"

"Mzee, mimi nina stashahada ya mambo haya."

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alitaka kuniamini. Alikuwa amekwisha kuwapelekea watu wa Kasulo salamu kwamba siku ya gulio tutakuja, na alikuwa amevaa koti.

Kasulo walijaa. Nilisimama juu ya kreti la soda nikawaeleza, na niseme ukweli, nilieleza vizuri. Hata wasiojua kusoma walielewa. Wakaanza kuishusha programu. Simu ya kwanza ikaandika nafasi haitoshi. Ya pili vilevile. Ya tatu ikaishiwa bando katikati. Nikaona watu wanaanza kutazama mifugo yao badala ya kunitazama mimi, na nikaisikia tena sauti ya mjomba na godoro lake. Nikasema kwa nguvu kwamba wafute vitu visivyo na maana.

Mama mmoja mwenye mbuzi wanne alinisogelea na simu yake. "Nifute nini, mwanangu? Mimi sijui."

Nikaichukua. Nikapanga mafaili kuanzia makubwa, nikamwonyesha video mbili ndefu. "Hizi ndizo zinakula nafasi. Bonyeza hapa." Akabonyeza. Programu ikaingia. Nikainyanyua ile simu juu watu waione, wakapiga makofi.

Bwana Mifugo hakupiga. Alimwendea yule mama akamuuliza zilikuwa video za nini. Mama akasema ni binti yake, siku ya kipaimara, akicheza na wenzake mbele ya nyumba. Binti alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, na simu yake sasa ni mwaka wa pili haipatikani. Alisema hivyo bila kulaumu, kama mtu anayeeleza bei. Halafu akauliza kama zinaweza kurudi. Nikajaribu pale pale, nikajaribu tena na programu zote ninazozijua. Hazikurudi.

Katika gari la kurudi mzee alikaa mbele, mimi nyuma. Tulipofika Rulenge alinifuata dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, stashahada yangu mbele ya uso wake.

"Nilikisia mara moja," akasema. "Mvua ilikuwa inanyesha, kamba ilikuwa kwenye baiskeli, sikutaka kuifuata. Nikamtazama ng'ombe, nikasema huyu ni kilo mia tatu, nikampa dawa ya uzito huo. Alikuwa ndiye ng'ombe pekee wa mjane. Alikufa kabla sijamaliza kunawa mikono." Akaigeukia kompyuta. "Sasa pima."

Nikapima. Kabla ya kuibadilisha, programu ilikuwa MB sita. Baada ya kuagiza kwa jina, ilikuwa MB sita. Haikupungua hata kwa upana wa unywele. Yale mafurushi yalikuwa ya kizamani, yameshonwa kama kipande kimoja. Ukitaja jina la mmoja wao wanakuja wote, kwa sababu kompyuta inapofunga mzigo haiwezi kuona nani hatumiki. Sikuwa nimelijua hilo. Ninaliandika hapa kwa kuwa sioni haya kujifunza, ila siku ile niliona haya. Mzee akasema anaijua habari hiyo: unamwalika mshenga peke yake, anakuja na ukoo.

Zilipita wiki. Kila jioni alikuja, akavuta kiti, na mimi nikawa naagiza upya mstari mmoja mmoja, nafunga, napima, naandika kwenye daftari. Ipo namna ya tatu ya kuagiza: hulitaji furushi, unataja mlango wenyewe, faili lile dogo ndani yake lenye kazi unayoitaka, na halibebi wenzake. Kwa vijipicha hilo lilitosha. Meli na piano zikabaki huko ziliko, na kutoka MB sita tukafika mbili na nusu. Furushi la tarehe lilikataa; hata ukiingia kwa mlango mdogo lilivuta lugha zake zote. Hilo nililitupa, nikaandika mwenyewe mistari kumi na miwili yenye Januari hadi Desemba kwa Kiswahili. Mzee aliposoma majina yale ya miezi, aliyasoma yote kwa sauti, akasema hapa sasa naona mtu wa kwetu. Programu ilikuwa imeshuka chini ya MB moja.

Sikuridhika na kompyuta yangu kunithibitishia. Nilitaka kupima kwenye simu zilizojaa kweli, za watu wa kweli. Ila baada ya Kasulo hakuna aliyetaka kunipa simu yake hata niione saa. Bwana Mifugo akazunguka nami, kwa magoti yale yale. Katika kila nyumba alisema mkopaji ni yeye, mimi ni mkono wake tu, na kwamba simu itarudi na kila kitu kilichokuwemo. Nne tukazipata Rulenge, moja Mbuba. Ya sita alitupa yule mama wa Kasulo. Sikutegemea, na nilipoipokea nilishindwa kumtazama. Ya saba mzee alifungua kifungo cha mfuko akaniwekea mezani yake mwenyewe.

Aliniazima kwa wiki mbili. Katika wiki hizo alikuja dukani asubuhi na jioni. Hakuniharakisha wala hakuuliza. Alikaa upande wa rafu ambako nilikuwa nimezipanga zile simu kwenye chaja, akasoma matangazo ya ukutani ambayo alikwisha kuyasoma.

Siku moja kabla hajafika ilinibidi nione mafaili yake yana ukubwa gani, nijue programu itabakisha nini. Yalikuwa ya sauti, mengi, kila moja na jina la wimbo wa kanisani. Nikafungua moja kuhakikisha halijaharibika. Ilikuwa sauti ya mwanamke peke yake. Hakuimba wimbo kama tunavyoujua; aliimba ile njia ya chini yake, sauti ya pili, na pale ambapo wengine ndio huimba yeye alinyamaza, akigonga meza kwa kidole kuhesabu mapigo, kisha akaingia tena. Mkewe ndiye aliyekuwa akiongoza sauti ya pili katika kwaya ya parokia mpaka alipofariki. Alikuwa akirekodi sehemu yake nyumbani ili awafundishe wenzake. Mzee naye alikuwa mtu wa besi, na tangu mazishi alikaa viti vya nyuma kanisani, akiwaambia waliomfuata kwamba koo limekauka.

Nikakumbuka nilivyotaka kumsafishia kwa dakika tano. Nikaifunga simu, nikaiweka chini ya kaunta mahali ambapo hata mimi nisingeigusa kwa bahati mbaya.

Siku ya kuzirudisha nilianza asubuhi mapema. Rulenge kulikuwa kwepesi. Kila mwenye simu alifungua kwanza picha zake, akahakikisha, ndipo akatazama ng'ombe wangu wa kijani. Mbuba walipima mbuzi mbele yangu, simu ikataja kipimo, mwenye mbuzi akaniuliza kama Bwana Mifugo angesema hivyohivyo. Nikasema ndiyo. Niliposema nilijua, kwa sababu nilikuwa nimepima.

Kasulo nilifika jua limekuwa kali. Nilimkuta yule mama akianika mihogo. Nikamsalimu, nikampa simu kwa mikono miwili, nikamwambia programu ndiyo hii, ni ndogo sasa, haitamlazimu kufuta kitu tena. Nilikuwa nimejiandaa kusema na mengine. Yeye aliifungua akaitazama, akatabasamu kwa adabu.

"Asante. Hata ingekuwa kubwa, mwanangu. Kwangu nafasi ipo tele sasa."

Akaniletea maji ya kunywa. Nikayanywa yote.

Kwa mzee nilifika alasiri. Nilimkuta kwenye kiti mlangoni, karibu na ile safu ya viatu. Alikuwa amekwisha kupakua. Sahani ya pili imefunikwa, ingawa bado ilikuwa mapema kwa chakula cha jioni. Nikasema, "Shikamoo, Mzee," nikampa simu yake.

Hakujibu. Akavaa miwani, akafungua mafaili, kidole kikaanza kushuka orodha, midomo ikihesabu bila sauti. Nilisimama. Niseme kwamba nimesimama mbele ya jopo la mtihani, nimesimama mbele ya maofisa wa benki, na sijawahi kuogopa hivyo. Kidole kilifika chini.

"Arobaini na tatu," akasema. "Marahaba."

Ndipo akafungua programu. Akaandika namba fulani ya kifua, akasoma uzito, akaandika nyingine, akasoma. Baada ya ya tano akatikisa kichwa mara moja na kuifunga. Sikupata sifa nyingine, na hiyo naithamini kuliko cheti kilichoko ukutani. Nikamwambia simu zote saba zimefika kwa wenyewe. Akaniuliza kuhusu mama wa Kasulo, nikamweleza alichosema. Akaiangalia simu mkononi mwake.

"Uliisikiliza," akasema. Halikuwa swali.

"Moja tu, Mzee. Nilikuwa napima."

Akabonyeza. Sauti ya mkewe ikatoka katika ile spika ndogo, kidole kikigonga meza, na mzee akaingia chini yake na besi, koo likiwa halijakauka hata kidogo. Walikwenda hivyo ubeti mzima. Waliponyamaza wote wawili kwenye yale mapigo ya kungoja, aliniuliza haraka, bila kunitazama, kama naijua sauti ya tatu.

Nikasema naijua. Sikuwa naijua. Ila mimi ni mtu wa kujaribu, na ubeti wa pili nikaingia nao, nikikosea na kurudi, naye akinyanyua kidole kidogo kunionyesha mahali pa kupanda. Kwaya ina sauti nne. Tulikuwa na tatu pale mlangoni, na iliyokosekana ilikuwa ya kwanza, ile inayobeba wimbo wenyewe. Mtu aliyekuwa akipita barabarani asingeweza kujua tunaimba nini.